Njoo Siku ya Mvua

Dalali Foum kaja na funguo tatu
na maneno mia.
"Nyumba ndogo, dada, lakini imekaa mjini.
Darajani ni hatua, hospitali ni hatua,
makaburini" (akacheka) "hatua."
Nikamwambia hatua nitazihesabu mwenyewe.

Mlango haufunguki mpaka uuinue kidogo,
kama unavyomsaidia mtu mzima kunyanyuka.
Ndani, ukumbi wa giza na harufu ya chokaa
iliyopakwa juzi, kwa ajili yangu.
Fundi Vuai hakuitazama chokaa.
Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio, akasogea, akagonga tena:
hapa jiwe, hapa jiwe, hapa udongo,
hapa... akanigeukia. Hapa hamna kitu.

Chumba cha nyuma kimefungwa.
Ufunguo uko Maskati, kwa mtoto wa nne wa marehemu.
Warithi saba, sita wamekubali.
"Na wa saba?"
"Wa saba bado anafikiri."
Nikaandika kwenye daftari,
kati ya zamu za wodini na deni la mchele:
wa saba bado anafikiri.

Boriti kumi na moja juu ya chumba cha mbele.
Vuai kapanda stuli na msumari wa inchi nne,
kazichoma mojamoja, kama nesi mpya anayetafuta mshipa.
Tisa zikagoma.
Mbili zikaupokea msumari kama boga la kuchemsha.
"Hizo za mchwa," kasema. "Zilizobaki zako."

Uwani, tangi jeusi, mkomamanga,
choo ambacho mlango wake ni kanga;
maandishi yamefutika, limebaki neno JIRANI.

Ukuta wa kiambo ni mmoja kwa nyumba mbili.
Kikohozi cha upande wa pili kilinifikia kizima,
kisha sauti: "Nani huko anapigapiga?"

Ndivyo alivyotokea Bi Mgeni,
mgeni kwa jina tu:
kaolewa Kikwajuni nyumba hizi zingali za makuti.
Alinitazama viatu, mkono usio na pete, daftari.
"Wanunua ukae, au uwapangishe watalii?"
Nikae.
"Na nani?"
Na mama. Na mwanangu, yuko darasa la tano.
"Baba yake?"
Yupo Wete.
"Yupo Wete," akarudia taratibu,
vile vile Vuai alivyogonga, ametega sikio.
"Wewe mtu wa nani?"
Nikamtaja babu, nikaitaja Mkoani,
nikamtaja ndugu wa babu aliyeshona kofia Mlandege.
"Yule mwenye kengeza?"
Huyo huyo.
"Alikula pesa za kofia ya mume wangu.
Lakini maiti ya mtaa huu haikuzikwa bila yeye."

Foum akataka jibu. Milioni sitini na mbili,
na yuko mtu wa Fuoni anakuja saa kumi.
(Kila nyumba ina mtu wake wa Fuoni.)
Bi Mgeni akanivuta mkono:
"Usitoe hata shilingi. Njoo siku ya mvua.
Nyumba kavu haisemi kweli."

Nikaja. Masika, Ijumaa, nimetoka zamu ya usiku,
uchochoro umebeba maganda ya machungwa
na kandambili moja nyekundu.
Foum hakuonekana. Ufunguo alikuwa nao Bi Mgeni,
tangu lini, sikuuliza.
Tukakaa ukumbini juu ya mkeka wake, kimya,
bati linanguruma.
Chumba cha mbele kikaanza: tone, tone,
chini ya boriti zile zile.
Akaingia gizani, akaweka sufuria
bila kupapasa, mahali penyewe.

Chokaa mpya ikavimba, ikamenyeka kama ganda la yai.
Nyuma yake kijani cha mtu mwengine,
nyuma ya kijani, buluu,
na juu ya buluu alama za penseli:
vimo vya watoto saba, na majina.
La chini kabisa nilishindwa kulisoma.
"Huyo ndiye anayefikiri," akasema Bi Mgeni.

Nikatoa daftari.
Boriti mbili. Mabati matatu. Mlango.
Mstari wa bei nikauacha mtupu,
nikasogeza mguu, sufuria ilikuwa imejaa.